Dojo yetu (klabu ya karate) imegawanyika pande mbili na mimi ndo nashika kitabu cha hela, naombeni ushauri

ZenkutsuTz ameandika:

Wakuu habari zenu, wakubwa shikamooni. Naomba mnivumilie maana ni ndefu na sijui pa kuikata.

Nafanya karate, mtindo wa Shotokan, hapa Dar tangu nipo kidato cha pili, huu ni mwaka wa 14. Nina dani ya kwanza, yaani daraja la kwanza la mkanda mweusi, na kwenye klabu mi ndo mweka hazina, nilipewa kwa vile nimesomea uhasibu kidogo. Tunafanyia kwenye ukumbi wa shule ya msingi Jumatatu, Jumatano na Jumamosi, tupo kama 60 hivi na zaidi ya nusu ni watoto.

Sensei wetu, yaani mwalimu wetu, ana miaka 67. Alianza na vijana wanne uani kwake chini ya mwembe, mi hata sijazaliwa. Gi yangu ya kwanza, zile nguo za karate, alinipa yeye, ilikua kubwa mno akamwambia mke wake anikunjie mikono na kuishona kwa mkono, uzi mweusi kwenye nguo nyeupe maana mweupe ulikua umeisha. Huyo mzee kwangu ni baba, nataka mlijue hilo kabla hamjaanza kumshambulia.

Sasa kuna senpai wetu, yaani mwanafunzi mkubwa anayemfuata sensei, dani ya tatu. Miaka 9 huyu ndo anafundisha watoto, anapewa nauli elfu tano kwa siku basi. Watoto wanamuogopa na wanampenda, kwa pamoja. Wazazi wengi hata namba ya sensei hawana, wana ya senpai.

Mwezi wa tatu tulifanya mtihani wa mikanda. Wanne walitahiniwa dani ya kwanza, kila mmoja alitoa laki mbili, jumla laki nane, ikaenda moja kwa moja kwenye simu ya sensei, haikupita kwenye akaunti, na ndo ilivyokua siku zote, sikuona ajabu. Vyeti vya dani vinatoka makao makuu Japan. Mwezi wa nne kimya, wa tano kimya, wa sita senpai akauliza kwenye kikao, kwa adabu kabisa, nilikuwepo, alisema "sensei wale vijana wanauliza vyeti vimefikia wapi". Sensei akanyamaza kama dakika nzima alafu akasema kwenye dojo hii maswali yanatoka juu kwenda chini. Kikao kikaishia hapo.

Wiki mbili baadae akatangaza mkufunzi mkuu mpya, mkwe wake. Jamaa ana dani ya pili na yuko na sisi mwaka wa tatu tu.

Alafu ikaja ile Jumamosi. Kwenye ukuta wa mbele tuna vibao vya mbao vyenye majina, vimepangwa kwa cheo kuanzia kulia, sensei wa kwanza. Mi nina funguo, nafunguaga mapema nifagie chaki za watoto wa shule. Nikaingia, nikaona kibao cha pili hakipo. Msumari upo mtupu na chini yake ukuta una rangi ya krimu safi kabisa, pande zote umefifia isipokua pale, umbo la kibao. Nilisimama na fagio sijui muda gani. Watoto wakaanza kuingia, mmoja wa miaka 8 akaangalia ukutani akaniuliza "senpai amekufa?" Maana kwetu kibao kimewahi kutolewa mara moja tu, mwenzetu alipofariki, kikapelekwa kwao na gi yake. Sikua na jibu.

Senpai hakurudi tena. Amechukua ukumbi wa kata, ana watoto 22 na watu wazima 7, grupu jipya la WhatsApp lina jina lile lile la klabu na neno "halisi" mbele.

Sasa mimi. Akaunti ya benki ina 2,340,000. Watia saini tuko watatu, sensei, senpai na mimi, wawili wakisaini hela inatoka. Kwahiyo nikisaini na yeyote kati yao, huyo ndo kachukua. Kuna na mati 48 zile za kuunganisha, wazazi walichanga mwaka jana. Sensei amenipigia saa nne usiku akasema "mwanangu kesho twende benki". Senpai amekuja mpaka kazini kwangu akakaa mapokezi saa nzima. Silali wakuu. Nisaini na nani? Au nijitoe kabisa?

Nawasilisha.

Ngumi_Jiwe ameandika:

Mkuu hapa hamna cha kufikiria. Mzee kala laki nane za watu, akaulizwa akakasirika, akamtimua muulizaji, akampa cheo mkwe. Saini na senpai, hela ifuate watoto. Heshima isiwe kichaka cha kufichia hela. Nimeona dojo tatu zikifa kwa staili hii hii.

MzeeWaKata ameandika:

Mwanangu ZenkutsuTz marahaba. Nimesoma mara mbili. Mi nimevaa gi tangu mwishoni mwa miaka ya 70 na nimepita kwenye migawanyiko miwili, mmoja nikiwa kijana ninayepiga kelele na mmoja nikiwa mzee ninayepigiwa kelele, kwahiyo niruhusu niseme kidogo.

Kwanza vyeti. Kijana anayesema mzee "kala" hajui njia ya cheti cha dani. Mtahini anajaza fomu, anatuma na ada, makao makuu wanaandika kwenye rejista yao, wanatoa namba, ndo cheti kinakuja. Kwa JKA, chama cha karate cha Japan, kwa mfano kuna leseni tatu tofauti, ya kufundisha, ya kutahini na ya uamuzi, na kila moja ina madaraja, mwenye daraja dogo hawezi kumpa mtu dani. Miezi mitatu mtu kusubiri sio ajabu. Inawezekana mzee kala, inawezekana vyeti viko njiani, inawezekana katuma vya wawili kwasababu hela nyingine aliishika kwa shida zake. Hujui, mi sijui, na senpai hajui. Ndo maana lile swali lilikua halali kabisa na kosa la mzee ni kutolijibu. Karatasi moja tu ya benki ya kutuma hela ingemaliza yote.

Ila hapo kwenye cheti ndo nguvu yote ya sensei ilipo na senpai wako aifikirie. Mtu wa dani ya tatu akiondoka leo, hao 29 alioondoka nao nani atawatahini wakifika mkanda mweusi? Itabidi atafute mkubwa mwingine, ajiunge na shirikisho lingine, na huko wataanza kumuuliza cheo chake kilitolewa na nani. Wengine wakibanwa hapo wanaishia kujipa dani wenyewe, nimeona kwa macho, mtu kalala na dani ya tatu kaamka na ya tano.

Pili msidhani ni aibu ya kwetu tu Waswahili. Ndugu zangu Shotokan yenyewe imepasuka kaburini. Gichin Funakoshi, mwanzilishi wake, alipofariki tarehe 26 Aprili 1957 wanafunzi wake waligombana nani asimamie mazishi, upande mmoja ukasusia, na mpaka leo kuna chama cha JKA na kuna cha Shotokai. Wote wanafunzi wa mzee mmoja, na waligombea jeneza. Nakayama aliyeishika JKA akafa 1987, miaka michache mbele wakapasuka tena, upande mmoja ukiwa na Nakahara ambaye alikua mfanyabiashara na mwingine ukiwa na Asai, mwalimu mwenye mikono kama mjeledi. Wakaenda mahakamani kugombea jina, ikafika mpaka mahakama ya juu ya Japan, hukumu imekuja 1999. Hebu hesabu hiyo miaka. Watoto walioanza mkanda mweupe kesi inaanza walishakua watu wazima.

Na Kyokushin, mtindo mwingine wa karate, je. Mas Oyama mwanzilishi wake, yule wa kupambana na mafahali, alifariki tarehe 26 Aprili 1994, sisi huku tunasherehekea miaka 30 ya Muungano. Tarehe ile ile ya Funakoshi. Wosia wake uliandikwa akiwa kitandani hospitali, ukamtaja Matsui, kijana wa miaka 31 aliyekua na wakubwa wengi juu yake. Familia ikapinga, wosia ukafika mahakamani ukakataliwa, wakubwa wa matawi wakagawana, na leo ukisema Kyokushin lazima uulizwe ipi. Oyama alikua na nguvu ya kuwashika wote kwa mkono wake mwenyewe. Mkono ulipoondoka hapakua na karatasi inayoeleweka ya kushika badala yake.

Mzee wako ana miaka 67. Kumuweka mkwe mkufunzi mkuu ni mtu anayeangalia jua linavyozama na kutafuta nani wa kumuachia nyumba. Kakosea njia, kaharibu sana, kile kibao asingekitoa, kwa kweli hicho kimeniuma mpaka nimeamka nikaenda kuangalia vya kwetu. Lakini nataka uone anachoogopa.

Usisaini na yeyote.

Ngumi_Jiwe ameandika:

Mzee wangu nakuheshimu, shikamoo. Ila hizo hadithi za Japan hazimsaidii yule kijana aliyetoa laki mbili ya mshahara wa bodaboda. Kila siku tunaambiwa tuwaelewe wazee wanaogopa nini. Senpai miaka 9 kwa elfu tano, nani anamuelewa yeye?

MzeeWaKata ameandika:

Marahaba. Kwenye hilo la senpai nakubaliana na wewe asilimia mia, na ningekua mimi kwenye hicho kikao ningesimama upande wake. Ninachokataa ni hela ya klabu kutumika kama fidia. Kama anadai, adai kwa jina lake, alipwe kwa jina lake.

MamaMkandaKijani ameandika:

Jamani mi sio mtu wa karate, ni mzazi, niko Morogoro. Naomba mnisikilize na mimi maana hapa naona mnaongea masensei na masenpai tu.

Binti yangu ana miaka 11. Mwaka juzi dojo yao ilipasuka kama hivi hivi na hakuna mtu hata mmoja aliyetuambia wazazi. Nilimpeleka Jumamosi kama kawaida, nikamshusha kwenye pikipiki, tukakuta kufuli. Kumbe walimu wamegombana Alhamisi. Tulikua wazazi kama kumi tumesimama nje na watoto wamevaa manguo meupe, juani, kila mtu anapiga simu haipokelewi. Jioni ndo nikaingizwa kwenye magrupu mawili kwa mpigo, kila admini ananiambia yule mwingine ni mwizi.

Nikamfuata mwalimu anayempenda mtoto. Kufika kule mwalimu mkubwa wao mpya anasema mikanda ya kule haitambuliki hapa, mtoto arudi mkanda wa njano. Mkanda wa kijani alioulilia, aliufanyia mazoezi sebuleni mpaka amevunja meza yangu ya kioo! Nikalipa mtihani tena. Na nembo ya kifuani ibadilishwe, nikakaa usiku na wembe nabandua ile ya zamani uzi mmoja mmoja nisitoboe nguo, mwenyewe kakaa pembeni ananiangalia hasemi. Pale kifuani palibaki duara, ukifua linaonekana zaidi. Alienda wiki tatu akaacha. Sa hivi anasema hapendi tena. Nikimuuliza kwanini anasema "mama wanatufundisha kuinamiana alafu wenyewe hawasalimiani".

Kwahiyo wewe kaka mwenye kitabu cha hela, ile hela ya mati ni ya kwetu wazazi. Kabla hujasaini na yeyote tuulizeni.

ZenkutsuTz ameandika:

Dada MamaMkandaKijani asante, kwa kweli umenitoa machozi. Pole kwa binti.

Mzee shikamoo tena. Sikufikiria kabisa habari ya nani atawatahini. Nimemuuliza senpai jana kwa simu, akanyamaza, akasema "tutaona mbele ya safari". Nilimuuliza pia kama alitaka kuwa sensei siku zote, akaniambia hapana, alitaka tu aulizwe. Yaani aitwe aambiwe "bwana nataka kumuweka mkwe wangu unaonaje". Anasema angekubali, na mi namuamini.

Kuhusu usajili, tuna cheti cha zamani kwenye faili, na katiba fotokopi kurasa sita, ya 2011. Nimeisoma yote usiku wa jana kwa mara ya kwanza. Inasema mkutano mkuu kila mwaka. Mi sikumbuki mkutano mkuu hata mmoja. Inasema pia mali za klabu ni za wanachama. Haisemi sensei.

Dobok001 ameandika:

Salaam kutoka Mombasa. Sisi ni taekwondo lakini maradhi ni yale yale.

Kwetu klabu ilivunjika kwa ajili ya shirika. Labda nieleze kwa wasiojua, Jenerali Choi alianzisha ITF, shirika la kimataifa la taekwondo, 1966, akakosana na serikali ya Korea Kusini, akahamia Canada 1972 na shirika lake, na mwaka uliofuata wale wa Seoul wakaanzisha la kwao, ndilo hili sasa laitwa World Taekwondo na ndilo lenye Olimpiki. Choi alipofariki 2002 hata ITF nayo ikagawanyika, yako mashirika matatu na yote yajiita ITF. Sasa mwalimu wetu alikuwa mtu wa ITF tangu ujana wake, na vijana wakaona Faith Ogallo amekwenda Tokyo kuwakilisha Kenya kupitia World Taekwondo, wakasema sisi pia twataka njia hiyo. Mbona tufanye miaka kumi mchezo usiotupeleka popote. Mwalimu akaona amesalitiwa. Vijana wakaona wamefungiwa. Ukiangalia wote walikuwa na haki, na hilo ndilo lililofanya iwe vibaya, kwa sababu hakuna aliyeweza kuombwa msamaha.

Lakini wacha nikwambie kosa letu kubwa. Katibu wetu, kijana mzuri tu kama wewe, alitoa pesa zote akazigawa nusu kwa nusu. Alidhani anafanya haki. Pande zote mbili zikamwita mwizi, mpaka leo akipita msikitini kuna watu hawamuitikii salamu. Mwaka wa tano huu.

Kwetu Kenya tuna Sheria ya Michezo ya 2013, kuna Msajili wa Michezo na kuna jopo maalum la kusikiza migogoro ya michezo, na hatukwenda kwa yeyote. Tulikwenda kwa chifu na kwa wazee, ambao walitusikiza vizuri sana lakini hawakujua dan ni nini. Nyinyi huko mna baraza lenu, liendeeni mapema, msingoje mpaka watu wameshatukanana.

Katibu_Mstaafu ameandika:

Mleta mada, nimekua katibu wa vyama vya michezo ngazi ya wilaya kwa muda mrefu, sio karate, riadha na netiboli, ila makaratasi ni yale yale. Fanya hivi na ufanye wiki hii.

Andika barua benki, wewe kama mtia saini, waambie klabu ina mgogoro wa uongozi na unaomba akaunti isimame mpaka upeleke muhtasari wa mkutano mkuu. Ipeleke mwenyewe, nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa. Nakala mpe sensei mkononi na senpai mkononi, siku moja, na utangulie kwa sensei maana ndo mkubwa. Usiwatumie picha kwa WhatsApp, hiyo ni barua ya heshima inataka mikono miwili. Ukishafanya hivyo, akikupigia saa nne usiku unamwambia baba, benki wamesimamisha wanataka muhtasari, na ni kweli. Utalala.

Alafu hesabu mali. Nenda ukumbini na mzazi mmoja wa kila upande, hesabuni mati moja moja, glovu, vifaa vya kupigia mateke, kengele, kila kitu, watatu msaini. Usihamishe hata mati moja. Anayehamisha wa kwanza ndo anaonekana mwizi hata kama ana haki.

Daftari lako la mapato funga kwa tarehe ya leo, piga mstari kwa wino, saini. Laki nane za vyeti usiziandike kama zimeibiwa, andika "zimepokelewa na sensei, uthibitisho wa kutumwa haujapatikana". Hilo neno moja litakuokoa siku moja.

Mkutano mkuu uitishwe na nani, angalia hiyo katiba yako, nyingi zinaruhusu theluthi au nusu ya wanachama kuandika kwa maandishi kama uongozi haujaitisha. Wazazi wanasimama kwa niaba ya watoto kama katiba inasema hivyo, kama haisemi, waalikwe na wasikilizwe. Muombe afisa michezo wa wilaya aje akae kama msimamizi. Vilabu vya michezo Tanzania viko chini ya Baraza la Michezo la Taifa, sheria namba 12 ya 1967, na kuna Msajili wa Vyama vya Michezo, kwahiyo lile grupu la "halisi" linajiita tu. Jina la klabu liko kwa msajili pamoja na katiba. Senpai akitaka klabu mpya ni haki yake, aandike katiba yake, apitie kwa afisa michezo, apate jina lake. Watu wakiwa na majina mawili wanaweza kuja kusalimiana, wakigombea moja hawawezi.

Na cha mwisho usijitoe. Ukijitoa leo saini zinabaki mbili, sensei na senpai, na hao hawatasaini pamoja, hela inakwama miaka.

Ngumi_Jiwe ameandika:

Sawa nimekuelewa Katibu. Hapo kwenye kujitoa sikuona. Mleta mada fanya hivyo, nafuta nilichosema kuhusu kusaini na senpai. Ila kwenye kibao mzee alikosea, hapo siondoi neno.

ZenkutsuTz ameandika:

Wakuu nimerudi, imepita kama wiki tatu. Wengi mmenitumia ujumbe inboksi mkiuliza, samahani nilikua sina nguvu ya kuandika.

Barua nilipeleka. Nilianza kwa sensei kama alivyosema Katibu. Nilimkuta uani kwake chini ya ule mwembe, anapaka mafuta mikono, siku hizi vidole vinamsumbua. Nikampa kwa mikono miwili. Akaisoma yote, akaikunja, akaniambia "nani kakufundisha kuandika barua hivi". Nikamwambia watu wazima wenye nia njema. Akasema hajafurahi. Alafu akamwita mkewe aniletee chai, nikanywa, hatukuongea tena habari hiyo. Wakati natoka akasema vyeti viwili vilishatumwa hela na viwili bado. Basi, hakuongeza neno na mi sikuuliza, ila nilivyofika nyumbani niliandika vile vile kwenye daftari na tarehe.

Mati tulihesabu, ziko 46 sio 48, mbili walikuta zimetandikwa ofisi ya mwalimu wa zamu wa shule wala hazikuhusiana na ugomvi.

Mkutano umefanyika Jumapili iliyopita. Watu 41 na afisa michezo. Sensei hakuja, alimtuma mkwe na barua yenye mwandiko wake. Tulivyokua tunasubiri ifunguliwe nilikua natetemeka kama siku ya mtihani wa dani. Ndani ameandika kwamba hela za vyeti viwili alizitumia kwa matibabu ya mke wake na atazirudisha kwa awamu, na akataja kiasi, laki nne, na tarehe. Hakuandika samahani popote. Mmoja wa wale vijana wanne, yule wa bodaboda kama alivyosema Ngumi_Jiwe, kweli kabisa ni bodaboda sijui alijuaje, akasimama akasema angeambiwa angesubiri mwaka mzima, mama yule alimpikia uji miaka mingapi. Ukumbi ukawa kimya.

Senpai alikuja, akakaa nyuma kabisa na wazazi. Alivyopewa nafasi akasema hataki hela wala jina, anaandikisha klabu yake na amepata mkubwa wa dani ya sita huko Arusha wa kumlea. Anaomba mati zitumike na watoto wote. Hapo wakabishana karibu saa mbili! Mama mmoja alisema yeye ndo alikusanya ile michango mlango kwa mlango na hatakubali mtoto wa mtu aangukie sakafu. Wakapiga kura, mati zibaki ukumbi wa shule, klabu yetu tubaki na siku zetu tatu, wa senpai wapewe Jumanne na Alhamisi kama mwalimu mkuu wa shule atakubali, na bado hajajibu. Watia saini wapya ni mimi na wazazi wawili. Akaunti haijafunguliwa bado, benki wanataka muhtasari urudiwe maana namba ya kitambulisho cha mmoja ilikosewa.

Kuna watu hawajaridhika. Watoto tisa hawaendi popote, si kwetu wala kwa senpai, nimepiga simu kwa wazazi wote tisa na wawili wamesema watarudi. Mkwe wa sensei anafundisha vizuri kuliko nilivyodhani ila watoto wadogo bado wanamwita anko.

Kibao nimekipata. Kilikua kwenye kabati la glovu, kimefungwa gazeti vizuri na uzi, kama mtu anavyofunga kitu anachotaka kisichubuke. Nilimwambia senpai nimpelekee, akasema nikiache kwanza. Nilimwambia sensei kwamba nimekiona, hakujibu. Kwahiyo kiko pale pale kabatini na msumari bado upo.

Jumamosi tunaanza saa 10 jioni kama kawaida, nimewaandikia wazazi wote wa pande zote mbili kwamba mlango utakua wazi kuanzia saa 9. Dada MamaMkandaKijani msalimie binti.